Redio Alipokula Kiapo

Waliompa Redio kazi ya ukarani wa sensa hawakuuliza mtaani. Wangeuliza, tungecheka kwanza, halafu tungewapigia magoti wamtafutie kazi nyingine yoyote, hata ya kufagia ofisi yao. Maana Redio hakuitwa Redio kwa kupenda muziki. Alikuwa msusi, kibanda chake kinatazamana na mlango wangu, na kila kichwa kilichokaa kwenye kigoda chake kiliacha habari na kuondoka na habari. Ukikohoa asubuhi, saa sita unasikia unaumwa kifua, na jioni mtu wa mtaa wa pili anakuja kukupa pole. Nimtendee haki lakini: hakuwa mtu wa kuzua. Alisema alichokiona na alichoambiwa, akatia chumvi kidogo ili inoge, basi.

Mimi ni fundi cherehani, na nasema mapema kwamba na mimi mdomo ninao. Tumegombana naye mara nyingi, tukapatana mara nyingi, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumwambia jambo langu hata moja la maana. Nilimwita dada kwa sababu alinizidi umri kama miaka kumi na tano. Yeye aliniita mdogo wangu siku za amani, na siku nyingine aliniita majina ambayo siyaandiki hapa.

Wenye sensa walitaka mtu anayeijua mitaa, aliyemaliza shule, mwenye mwandiko unaosomeka. Redio alikuwa na vyote. Mwandiko wake tuliuona kila siku kwenye ubao wa bei pale kibandani, herufi zimesimama wima utadhani zimepimwa kwa rula. Akaitwa kwenye mafunzo siku kumi. Siku hizo kumi mtaa ulipumua, watu wakagombana na waume zao kwa sauti ya kawaida.

Alirudi na kizibao cha rangi ya machungwa kilichomzidi ukubwa, kitambulisho shingoni, na karatasi moja aliyoibandika kando ya kioo, mahali palipokuwa na picha za mitindo ya nywele. Nilikwenda kuisoma kwa kisingizio cha kuazima kibanio. Ilikuwa nakala ya kiapo chake. Ilisema hatatoa kwa mtu yeyote, kwa maneno wala kwa maandishi, taarifa yoyote atakayoipata kwa kazi hiyo, na kwamba akifanya hivyo atakuwa ametenda kosa na anaweza kufungwa. Chini kulikuwa na jina lake kamili, jina ambalo nusu ya mtaa hatukulijua, na sahihi.

"Wamekuapisha kweli dada?" nikamwuliza.

"Mbele ya hakimu," akasema. "Mkono juu."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Hilo ndilo lililonitisha, maana Redio alikuwa mtu wa kucheka hata msibani.

Siku mbili kabla ya kuhesabiwa akapita nyumba kwa nyumba, anaandika namba kwa chaki juu ya mlango na kutueleza sheria. Alitukusanya uani kwetu, wapangaji wa vyumba sita. "Sheria ni hii," alisema. "Utakapoulizwa, lazima ujibu. Kukataa ni kosa. Kujibu uongo kwa makusudi ni kosa. Na mimi nikitoa nje hata nusu ya neno, ni kosa, tena langu ndilo zito kuliko yenu." Mpangaji wa chumba cha mwisho akaguna, akasema, "Basi serikali ijenge jela mpya kabisa, ya mtu mmoja." Watu wakaangua kicheko. Redio akangoja kicheko kiishe, akaendelea kueleza kwamba kila mtu atahesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa.

Usiku ule mtaa mzima ulipanga uongo. Ndiyo, nakiri. Huyu ataficha kwamba ana mke mwingine, yule atapunguza miaka, mwingine hataki ijulikane kwamba mwanawe mkubwa hajui kusoma. Hakuna aliyeiogopa serikali. Tuliogopa kigoda cha msusi.

Na mimi nilikuwa na langu. Ngoja niliseme wazi kabisa.

Nilipokuwa na miaka kumi na minane, kabla sijamjua mume wangu, nilizaa mtoto wa kike nyumbani kwa mama yangu. Aliyenipa mimba alikwisha toweka. Mtoto aliishi siku nane. Mama alinifuta machozi, akanipeleka kwa shangazi mji mwingine nikajifunze kushona, na mambo yakaishia hapo. Mama akafariki, shangazi akafariki, nikabaki peke yangu ninayejua. Mume wangu alipotaka kunioa alikuja na dada yake, wifi yangu, ambaye ndiye aliyemlea. Wifi akaniketisha, akanitazama machoni, akaniuliza: "Kuna chochote cha nyuma? Sema sasa, ndugu yangu asije akakisikia barabarani." Nikasema hakuna. Ndoa yangu ilisimama juu ya hilo neno moja. Nililifunika miaka kumi na minne, nikazaa watoto watatu juu yake, na niliamini kabisa kwamba siku likifunuka narudishwa na cherehani yangu kichwani.

Sasa usiku wa sensa, wifi akalala kwetu. Alikuja kuchukua magauni yake, mvua ikamzuia.

Asubuhi Redio akagonga. Tulikuwa tumekaa naye jirani miaka tisa, lakini aligonga na kungoja. "Habari za asubuhi," akasema. "Mimi ni karani wa sensa. Nimekuja kuwahesabu."

"Dada, si tunajuana?"

"Leo sikujui," akasema, na akafungua mkoba.

Alianza na mume wangu kwa sababu ndiye mkuu wa kaya. Majina, miaka, shule, kazi. Mume wangu ni seremala, mtu wa maneno machache, alijibu kama anayetaja vipimo vya kabati. Ikafika zamu ya wifi.

"Usiku wa kuamkia leo ulilala wapi?"

"Nimelala hapa, lakini mimi nina kwangu," wifi akasema. "Nyumba ya matofali, madirisha ya vioo. Usiniandike kwenye vyumba viwili vya watu."

"Umelala hapa, unahesabiwa hapa."

"Kwa mvua tu!"

"Fomu haina sehemu ya mvua," Redio akajibu, akaandika. Wifi alivimba mpaka nikamwonea huruma.

Halafu Redio akasema wote watoke nje, maana kuna maswali ya mwanamke peke yake. Mume wangu akatoka na watoto. Wifi akakaa. Redio akaweka kalamu chini, akakunja mikono. Wifi akaangalia dari, akaangalia mlango, mwisho akanyanyuka taratibu, huku anatuangalia sisi wawili. Redio akaufunga mlango kwa mkono wake.

Akasoma. Sauti haikuwa ya kibandani. "Katika maisha yako, umezaa watoto wangapi waliozaliwa hai?"

"Watatu," nikasema. Neno lilitoka lenyewe, lilishazoea njia.

Hakuandika. Kalamu ilibaki hewani. Hakuniangalia usoni pia, macho aliyaweka kwenye karatasi. "Naruhusiwa kulisoma swali tena," akasema, "kwa sababu lina maelezo yake. Katika maisha yako umezaa watoto wangapi waliozaliwa hai, wakiwemo waliofariki, hata kama waliishi saa moja."

Mpaka leo sijui kama alihisi kitu au ndivyo alivyofundishwa, kuwasomea wanawake wote mara mbili. Mbele yangu amekaa Redio, mdomo unaojulikana mitaa mitano. Nje ya mlango kuna wifi. Nikikataa kujibu, kosa. Nikisema uongo, kosa. Nikisema kweli, ndoa. Nilimeza mate, nikaiangalia ile fomu. Ilikuwa na visanduku vidogo vidogo, vingi, na kimoja kilikuwa kitupu, kinangoja tarakimu moja. Mtaani nilishazoea kusema watatu, haikuniuma. Lakini kusema watatu mbele ya karatasi ile, karatasi ya kuhesabu watu wote wa nchi, mpaka aliyeishi saa moja, ilikuwa ni kuapa kwamba mwanangu hakuwahi kuwepo. Sikuweza. Mdomo ulikataa katakata.

"Wanne," nikasema.

"Walio hai?"

"Watatu."

"Waliofariki?"

"Mmoja."

"Wa kiume au wa kike?"

"Wa kike."

Akaandika. Nilimwona anaandika ile moja, imesimama wima kama zile za ubao wa bei. Jamani, nieleweni. Mtoto yule hakuwa na cheti cha kuzaliwa wala cha kifo. Hakuna aliyewahi kumwandika popote. Alikuwepo kichwani mwangu tu, na mimi mwenyewe kuna siku nilikuwa najiuliza kama sikuota. Sasa yumo kwenye hesabu ya taifa, karani kala kiapo juu yake, na hakuna mkubwa yeyote anayeweza kusema hakuwepo. Nilikaa kwenye kile kiti changu cha cherehani, machozi yananidondokea kwenye kitambaa cha mteja, na sikuwa na haja ya kuyafuta.

Redio akapenga kamasi kwa nguvu kwenye kona ya kizibao cha serikali. Akakohoa. Akasoma: "Chanzo kikuu cha maji ya kunywa katika kaya hii ni kipi?"

"Bomba la uani," nikasema, na tukaendelea hivyo hadi choo na aina ya paa.

Alipotoka, wifi alikuwa amesimama hatua moja kutoka mlangoni. Aliyaona macho ya Redio yamekuwa mekundu. Akayaona na yangu.

Wiki ile sikula vizuri. Nilishona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, nikafumua, nikashona tena vilevile. Kila mtu akicheka barabarani nilijua wananicheka mimi. Kila mume wangu alipochelewa nilijua kaambiwa. Siku ya kwanza kimya. Ya tatu kimya. Wiki mbili kimya, na si kwangu tu. Yule mwenye mke wa pili hakusikia lolote. Aliyepunguza miaka bado alikuwa na miaka aliyoitaka. Mtaa ukaanza kutazamana.

Redio mwenyewe alikuwa amepata tatizo. Alihesabu kaya mia moja na kumi na mbili, na sasa hakujua kipi kichwani mwake ni chake na kipi ni cha serikali. Mteja akikaa kigodani na kusema, "Eti yule wa nyumba ya kona kaachwa?" Redio anafungua mdomo, anaufunga, anasuka. Uliwahi kusukwa saa nne bila umbea? Ni adhabu. Wateja wakaanza kupungua, wakaenda kwa msusi wa barabara ya pili, ambaye anavuta nywele mpaka macho yanapanda, ilimradi anaongea.

Hapo ndipo alipojitungia utaratibu wake, na alitueleza waziwazi. Alilolijua kabla ya siku ya sensa ni lake, ataliongea apendavyo. Litakalomfikia baadaye kwa mdomo wa mtu, barabarani au kibandani, ni la mtaani, nalo ataliongea. Lakini lililoingia kwa kalamu ni mali ya serikali, limefungwa. Na kama jambo liliingia kwa kalamu kwanza, halafu akalisikia mtaani nusunusu, basi bado ni la kalamu, mpaka mwenyewe au mtu wa nyumba yake amwambie kwa mdomo wake, pasipo fomu. Kuanzia hapo ukimsikia anaanza habari, anatanguliza: "Hili ni la kabla ya sensa." Watoto wakalichukua. Ukimwuliza mwanao nani kavunja glasi, anakujibu ni siri ya sensa.

Wifi hakulala. Alikuja siku moja mchana, akanipita bila kuingia, akaenda moja kwa moja kibandani. Alikaa kigodani, mtu ambaye maisha yake yote hasukwi pale. Mimi nilikuwa dirishani na cherehani, mguu umegoma kukanyaga. Nilisikia kila neno, maana wifi hajui kunong'ona.

"Mlikaa muda mrefu ndani siku ile."

"Fomu ndefu."

"Ulitoka umelia."

"Nina macho mabovu."

"Mimi ndiye niliyemlea mume wa huyu mtoto wa watu. Nina haki ya kujua. Sitaki maneno mengi. Niambie tu, kuna kitu au hakuna?"

Redio akaacha kusuka. "Dada mkubwa," akasema, "nikikuambia kipo, nimesema. Nikikuambia hakipo, nimesema vilevile. Na nikikataa kukujibu wewe peke yako, hapo ndiyo nimesema kwa sauti kubwa kabisa. Kwa hiyo huwa nawajibu wote neno moja. Soma kile." Akanyoosha chanuo kwenye karatasi iliyo kando ya kioo. Wifi akasimama na nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama, akaondoka hivyohivyo.

Mngetegemea nilikwenda kumshukuru. Sikwenda. Nilimwogopa zaidi. Mtu aliyeshika kamba ya shingo yako, hata akiishika kwa upole, humkaribii. Nikawa namsalimia kwa mbali, namkatalia chumvi, namtafutia kisa. Miaka mitatu ikapita hivyo, na kisa kikapatikana.

Nilikuwa nimepata kazi ya sare za shule, mashati meupe arobaini. Niliyafua kutoa chaki, nikayaanika uani. Redio alikuwa anampaka mteja rangi ya nywele, akamwaga maji yake bila kutazama, yakarukia kamba. Mashati tisa yakawa na madoa meusi. Nilitoka kama niliyechomwa. Nilimwambia mdomo wake na maji yake ni mamoja, vyote vichafu na vyote anavimwaga kwa watu. Nilimwambia kwamba wanawe wawili wamehamia mbali ili wasimsikie. Hilo la wanawe lilikuwa baya, nililijua ni baya wakati linatoka.

Mtaa ukajaa. Wifi alikuwepo, Mungu ndiye anayejua kwa nini siku zote alikuwepo. Redio akajifunga kanga kiunoni, akanichamba.

"Haya ni ya kabla ya sensa!" akaanza, na watu wakashangilia. Akasema nilivyounguza suti ya mwalimu kwa pasi nikasingizia umeme. Akasema ninavyowakatia watu kitambaa pungufu, na kwamba mito yangu yote ndani imeshonwa kwa mabaki ya nguo za wateja. Kweli tupu. Akasema nilivyomdanganya mume wangu kuhusu bei ya cherehani. Kweli. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na randa mkononi, anasikiliza. Mate yanamtoka Redio, machozi ya uchungu wa wanawe yanamtiririka, na nikaona amefika mwisho wa anayoyajua. Kilibaki kimoja tu. Kilikuwa pale, mkononi mwake, na ndicho ambacho kingenimaliza.

"Malizia!" wifi akapiga kelele. "Malizia, mwanamke!"

Redio akaniangalia. Niliangalia chini, nikangoja.

"Nimemaliza," akasema. Akafungua kanga kiunoni, akaingia kibandani, akashusha pazia.

Nilibaki uani na mashati yangu. Mimi, niliyemtukana mtu watoto wake! Na yeye, Redio, ambaye hajawahi kunyimwa neno la mwisho tangu azaliwe, alilimeza lile neno mbele ya mtaa mzima akashindwa ugomvi kwa ajili yangu. Sijawahi kuona kitu kikubwa hivyo kwa macho yangu, na nimekwisha kuona mengi.

Siku iliyofuata nilikwenda na moyo mkunjufu, nikamwomba radhi kwa habari ya wanawe, halafu nikasema, "Na asante, dada. Kwa lile jingine."

"Lipi?"

"Unalijua."

"Sijui unasema nini," akasema. "Madoa yatoe kwa ndimu." Aligoma. Hata kwangu mimi mwenyewe, mwenye jambo, aligoma. Nikamwuliza inawezekanaje, mtu kama yeye. Akazungusha chanuo. "Tangu nizaliwe," akasema, "watu wananiambia mambo ili niyaseme. Wale wa sensa walinipa ili niyafunge. Walinisimamisha, wakaniambia inua mkono. Mimi!" Akaendelea kusafisha machanuo yake.

Asubuhi ile ile nilimwendea mume wangu karakana, nikamwambia. Kama msusi wa mtaani anaweza kunibebea jambo langu bila kunidai kitu, mimi nilikuwa namficha nani? Alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka randa chini.

"Redio anajua?"

"Anajua. Sheria ilinilazimisha kumjibu."

"Kumbe mimi," akasema, "nilihitaji kuja na sheria."

Siku nne hakuniongelesha. Siku ya tano alikuja na kipande cha mninga, akarekebisha mguu wa meza yangu uliokuwa unacheza tangu tuoane, akaniuliza chakula kipo. Sikurudishwa kokote. Wifi aliambiwa na ndugu yake mwenyewe, kwa maneno machache, kwamba mambo ya nyumba hii yana wenyewe. Lakini habari ya mtoto hatukuirudia tena. Hatukujua tungeanzia wapi.

Miaka kumi ikatimia tangu sensa ile. Redio alikuwa amezeeka, kibanda amekifunga, na mwezi ule alipasuliwa mtoto wa jicho. Wanawe walikuwa mbali, kweli, basi nikamleta kwetu auguzwe. Usiku wa kuamkia sensa alilala kwangu, kitanda cha binti yangu, bandeji usoni. Kwa hiyo alihesabiwa kwetu.

Karani safari hii alikuwa binti mwenye kishikwambi, anagusa kioo badala ya kuandika. "Uhusiano wa huyu mama na mkuu wa kaya?" akauliza. Mume wangu akakuna kichwa.

"Andika jirani," Redio akasema. "Nimelala hapa, nahesabiwa hapa. Na ukimaliza majina, uwatoe watu. Wamekufundisha kuwatoa watu?"

Maswali ya wanawake yalipofika, karani alimwambia anaweza kubaki, ni mgonjwa. Redio akanyanyuka, jicho moja limefungwa, la pili halioni vizuri, analipapasa kabati kutafuta mlango. "Ya mtu ni ya mtu," akasema. Mume wangu akamshika mkono wakatoka uani. Niliulizwa swali, likasomwa mara moja tu. "Wanne," nikasema, na sikumeza mate. "Mmoja alifariki. Wa kike." Binti akagusa kioo.

Nilimwomba anisubiri kidogo nikanywe maji. Uani niliwakuta wamekaa kwenye benchi alilolitengeneza mume wangu. Aliponiona akaniita kwa kichwa, akamgeukia Redio.

"Dada," akasema, "mke wangu amezaa watoto wanne. Wa kwanza alikuwa wa kike, kabla hajanijua. Hakukaa."

Redio akainua uso wenye bandeji. "Hili unaniambia wewe?" akauliza.

"Mimi."

"Kwa mdomo wako. Pasipo fomu."

"Pasipo fomu. Tuko uani."

"Na mwenyewe yupo, anasikia?"

"Nipo, dada," nikasema.

Akashusha pumzi ndefu, mabega yakashuka nayo. Akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wangu, akanivuta. Jicho lake lililo wazi lilikuwa limejaa maji.

"Basi ni la mtaani," akasema. "Mdogo wangu, miaka kumi nina swali limenikaa kifuani. Kwenye fomu halikuwepo, na nje ya fomu nilikuwa siruhusiwi. Alifanana na nani?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Mama hakuniuliza kwa sababu alimwona. Mume wangu hakuniuliza kwa sababu aliogopa, na sasa nilimwona anasogea kwenye benchi ili asikie.

"Alifanana na mama yangu," nikasema. "Paji hili la uso. Na alikuwa analala ngumi imefumbwa hivi."

"Mama yako simjui," Redio akasema. "Nieleze vizuri."

Karani akatokeza mlangoni na kishikwambi chake, akauliza chanzo chetu kikuu cha maji ya kunywa ni kipi. Tukamwambia asubiri.